Sura ya Saba: Kipande Kinachochomoka

Mkulima wa Nyamwaga au wa Issenye akiona plau yake haichimbi tena, hafikirii kununua plau nyingine. Hufungua bolti, hung'oa kile chuma cha mbele kilicholiwa na mawe, hufunga kipya alichokipata dukani Tarime au Mugumu, na kabla jua halijawa kali ng'ombe wameshafungwa nira tena. Mhimili na mishikio itadumu miaka mingi. Chuma kinachogusana na ardhi hakiwezi. Aliyeibuni plau alijua ni wapi itaumia kwanza, akahakikisha hapo panafunguka. Sura hii inazungumzia kifaa cha mawasiliano kilichobuniwa kwa busara hiyohiyo, yaani swichi ya Etheneti ya vipande, na hasa moduli zake za poti: zile kadi na vidude vinavyochomekwa mbele ili kuiunganisha na nyaya za nje. Hoja yangu ni kwamba katika wilaya za Tarime na Serengeti uhai wa mtandao unategemea wepesi wa kubadilisha kipande hicho kuliko unavyotegemea kasi iliyoandikwa kwenye kasha, na kwamba kipande hicho kinapoteza maana yake yote ikiwa mwenzake wa akiba hayupo wilayani humohumo.

Tuanze na swichi yenyewe, maana wengi wanaitegemea kutwa nzima bila kuijua kwa sura. Katika ofisi ya halmashauri, hospitali, benki au kituo cha forodha kuna kabati la chuma lenye taa ndogo za kijani zinazopepesa. Ndani yake kuna kisanduku kinachopokea vifurushi vya data kutoka kila waya, kinasoma anwani ya kila kifurushi na kukitoa kwenye waya unaostahili. Swichi za kawaida hutoka kiwandani zikiwa kitu kimoja: poti 24 au 48 zimechomelewa kwenye bodi ileile inayobeba ubongo wa kifaa na umeme wake. Swichi za vipande ni fremu, mafundi huiita chesisi, yenye nafasi tupu mithili ya droo za kabati. Nyuma ya fremu kuna bodi ya pamoja ya viunganishi. Droo moja au mbili ni za kadi ya uongozi, na zilizobaki ni za kadi za poti, kila kadi na kazi yake: hii ya waya wa shaba, ile ya faiba, nyingine ya kasi kubwa zaidi. Hata kadi ya faiba mara nyingi haina leza ndani yake. Ina matundu tu, na kila tundu linasubiri moduli ndogo iitwayo SFP, yenye urefu wa milimita 56 na nusu na upana wa milimita 13 na ushei, ndogo kuliko kidole cha shahada cha mtu mzima. Humo ndimo umeme unapogeuka kuwa mwanga, na mwanga ukageuka tena kuwa umeme.

Wazo la kutenga kipande kinachogusa waya si geni. Lina umri karibu sawa na Etheneti yenyewe, ambayo Robert Metcalfe na David Boggs waliianzisha mwaka 1973 katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, Marekani. Kampuni za Digital, Intel na Xerox zilipotoa kanuni zake za pamoja mwaka 1980, kompyuta haikuunganishwa moja kwa moja na ule waya mnene uliopita darini. Kulikuwa na kisanduku kidogo kilichobanwa juu ya waya, na kutoka kwake ukashuka mkanda wa hadi mita 50 mpaka kwenye kompyuta. Wahandisi wale waliona mapema kwamba kompyuta na waya havizeeki kwa mwendo mmoja. Ukaja waya mwembamba, ukaja waya wa jozi zilizosokotwa kama ule wa simu, ikaja faiba, na kila mara ilitosha kubadilisha kile kisanduku cha katikati. Swichi ya kwanza ya Etheneti kuuzwa, ile ya kampuni ya Kalpana ya mwaka 1990, ilikuwa na poti saba tu. Miaka kumi na kidogo baadaye moduli za SFP zilikwishakubaliwa na watengenezaji wengi, na kile kisanduku kilichobanwa darini kikawa kitu cha kushika kwa vidole viwili.

Sasa tuulete mjadala Mara. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Awamu zake mbili za kwanza zilitandaza kilomita 7,560 za faiba, na mkongo huo ukaungana na nchi jirani kwenye mipaka kadhaa, Sirari ukiwa mmojawapo. Kwa maneno mengine, mwanga unaotoka baharini na Dar es Salaam unakatiza nchi nzima, unapita kando ya Ziwa Victoria na kutokea Tarime ukielekea Kenya. Ukiutazama kwenye ramani ni mstari mmoja. Lakini mstari haumhudumii mtu. Mtu huhudumiwa pale mstari unapotoka ardhini, unapoingia kabatini na kuchomekwa kwenye poti. Pale Sirari maofisa wa Tanzania na wa Kenya hufanya kazi chini ya utaratibu wa kituo kimoja cha pamoja, na nyaraka za shehena hupita katika mfumo wa forodha wa TANCIS ambao Mamlaka ya Mapato ilianza kuutumia mwaka 2014. Mugumu kuna Hospitali Teule ya Wilaya ya Nyerere, na hospitali za siku hizi hupokea malipo, huandikisha wagonjwa na kudai fedha za bima kwa kompyuta. Halmashauri hukusanya ushuru kwa mashine za mkononi zinazoripoti kwenye mifumo ya serikali. Faiba ikiwa nzima na poti ikiwa mfu, wote hawa wamekaa gizani.

Na ukubwa wa giza hilo hutegemea ni poti ya wapi. Poti inayolisha kompyuta moja ya karani ikifa, karani atahamishia waya wake kwenye poti ya pembeni na kazi itaendelea. Poti inayotazama nje, ile inayounganisha jengo zima na mkongo, haina ya pembeni. Tazama pia ndugu wa karibu wa swichi, ile mitambo inayogawa faiba hadi majumbani, kama inayotumika katika huduma ambayo Shirika la Mawasiliano Tanzania huiita Faiba Mlangoni Kwako. Nayo ni chesisi yenye kadi. Kadi moja ya poti 16, kila poti ikigawanywa kwa nyumba 64, hubeba wateja 1,024. Hao wote wako upande wa pili wa bodi moja inayoweza kubebwa kwapani. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayepanga mtandao wa wilaya lisiwe kifaa hiki kina kasi gani. Aulize: kitaanza kufa wapi, na siku hiyo nitafungua nini?

Jibu la nusu ya kwanza ya swali hilo liko angani. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi kwa wingi zaidi duniani. Usiku radi hukusanyika juu ya maji. Mchana upepo wa ziwa husukuma unyevu kupanda nyanda za mashariki, na alasiri mawingu hujaa juu ya vilima vya Tarime na vya Kisii ng'ambo ya mpaka. Radi haina haja ya kupiga jengo ili kuua swichi. Ikipiga mti au nguzo jirani, waya wowote mrefu wa shaba hugeuka antena na msukumo wa maelfu ya volti hupita ndani yake kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Poti ya shaba ina transfoma ndogo za kutenganisha waya na bodi, na kanuni za Etheneti zinadai zistahimili volti 1,500. Hicho ni kiwango cha haki kwa ofisi ya ghorofa mjini. Kwa waya uliovutwa nje kutoka wodi hadi maabara, chini ya mawingu ya alasiri ya mwezi wa nne, ni ngao ya karatasi. Kuna pia hatari nyingine ambayo haionekani kabisa: majengo mawili yenye nyaya zake tofauti za ardhi hayako kwenye volti moja wakati wa radi, na waya wa shaba unaoyaunganisha hugeuka njia ya kusawazisha tofauti hiyo. Hapo poti za pande zote mbili huungua kwa pamoja.

Katika swichi ya kitu kimoja, msukumo huo ukiingia kwenye poti ya tatu, unaingia kwenye bodi yenye poti zote 24. Huenda poti moja tu ndiyo itakayokufa, huenda nane zinazoshirikiana chipu moja, huenda kifaa chote kikazima. Hata kama ni nane tu, mwenye swichi amebaki na kifaa kilichojeruhiwa ambacho hakitengenezeki mezani kwa fundi wa Tarime, kwa sababu chipu hizo haziuzwi kwa rejareja na zimechomelewa kwa miguu mamia. Katika swichi ya vipande jeraha hilo kwa kawaida hukaa ndani ya kadi moja. Na pale waya wa nje ulipokuwa faiba tangu mwanzo, radi haikupata njia, kwani kioo hakipitishi umeme. Ndiyo maana nashikilia kwamba kila waya unaotoka nje ya ukuta wa jengo katika wilaya hizi mbili uwe faiba, ujapokuwa wa mita thelathini. Moduli ya poti ndiyo inayowezesha uamuzi huo bila kubadilisha swichi nzima: unachomoa ya shaba, unachomeka ya mwanga.

Adui wa pili ni vumbi, na hapa inabidi tusogee karibu sana. Kiini cha faiba ya masafa marefu, yaani sehemu ambamo mwanga hupita, kina upana wa mikromita tisa. Unywele wa mtu una kama sabini. Punje moja ya vumbi jekundu la barabara ya Tarime hadi Mugumu, ikitua juu ya ncha ya faiba wakati fundi ameishika mkononi huku akitafuta tundu, inaweza kuufunika mlango wote. Fundi akiichomeka hivyohivyo, punje husagwa kati ya kioo na kioo na kuacha kovu kwenye ncha zote mbili. Mwanga hauzimiki, unafifia tu. Tufanye hesabu ya umbali halisi: kutoka Tarime mjini hadi Sirari ni takriban kilomita 20. Mwanga wa rangi inayotumiwa na moduli za kawaida hupoteza kiasi cha desibeli 0.35 kwa kila kilomita. Kwa kilomita 20 ni desibeli 7, maana yake kinachofika ni kama sehemu moja ya tano ya kilichotumwa. Ongeza viunganishi vya miisho miwili na maungio ya njiani, unakaribia desibeli 8 na nusu. Moduli inayouzwa kwa jina la kilomita 10 ina uwezo wa kuvumilia upotevu wa kama desibeli 10. Kwa hiyo mkandarasi anaweza kuichomeka, taa ikawaka, makabidhiano yakafanyika na picha zikapigwa. Kisha katapila la barabara likate mkongo mara moja, uungwe kwa haraka wakati wa mvua, ncha moja ipate vumbi, na ile akiba ya desibeli moja na nusu imeliwa. Kiungo kitaanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, na watu wataulaumu mfumo wa forodha.

Uzuri wa moduli ni kwamba inaweza kusema. Ndani ya kila SFP kuna kumbukumbu ndogo yenye jina la mtengenezaji, namba ya kifaa, urefu wa wimbi la mwanga na umbali iliotengenezewa. Zilizo nyingi hupima pia joto lake, volti, nguvu ya mwanga zinaoutuma na nguvu ya mwanga zinaoupokea. Mtaalamu aliyeko Mwanza au Dodoma anaweza kusoma vipimo hivyo bila kufunga safari. Akiona mwanga unaopokelewa Sirari umeshuka desibeli tatu tangu mwezi uliopita, yaani umepungua nusu, anajua kuna ugonjwa kabla mgonjwa hajaanguka. Swichi ya zamani yenye leza iliyofungiwa ndani haikuwa na lugha hiyo. Ilikuwa inawaka au haiwaki. Kwa wilaya zilizo mbali na makao makuu, uwezo huu wa kutazamwa kwa mbali naupa uzito kuliko sifa nyingine zote zinazoandikwa kwenye vipeperushi vya wauzaji, pamoja na ile ya kuvumilia joto la nyuzi 85. Tarime iko kwenye nyanda za juu zenye hewa ya baridi. Joto la kabati lisilo na matundu linatatuliwa kwa kutoboa kabati.

Kubadilisha kwenyewe kuna ufundi wake, na ni ufundi uliofichwa ili asiye bingwa aufanye. Ukiigeuza SFP utaona kwenye makalio yake vibapa ishirini vya dhahabu, kumi juu na kumi chini. Ukivitazama vizuri havilingani urefu. Vya ardhi vimetangulizwa mbele, vya umeme vinafuata, vya data vimerudishwa nyuma kidogo. Unapoisukuma ndani wakati swichi inawaka, ardhi hugusa kwanza na kuondoa umeme tuli uliobaki, kisha umeme huingia, na data mwisho. Ukiichomoa, mpangilio unajigeuza wenyewe. Kadi kubwa nazo hufuata kanuni hiyo. Tofauti hiyo ya urefu, ndogo kuliko upana wa punje ya ulezi, ndiyo inayoruhusu kadi kubadilishwa saa nne asubuhi bila kuzima mtandao wa hospitali. Anayehitajika ni mtu makini mwenye mkanda wa kutoa umeme tuli mkononi, kwa sababu mwili wa binadamu hauhisi mshtuko ulio chini ya volti 3,000 hivi, ilhali chipu hufa kwa mamia tu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la fedha, na ni la haki. Chesisi tupu pamoja na kadi yake ya uongozi hugharimu kuliko swichi kadhaa za kawaida. Mtu atasema: nunua swichi mbili za kitu kimoja, weka moja kabatini na nyingine stoo, ikifa ya kwanza toa ya pili. Kwa zahanati ya kijiji, shule ya sekondari au ofisi ya kata nakubaliana naye bila kusita. Hapo mtandao ni kompyuta tano na printa. Chesisi ingekuwa tembo wa kufukuza panya. Ninachoongeza ni kwamba swichi hiyo ya kawaida iwe na matundu mawili ya SFP upande wa nje, ili walau pale mwanga unapoingia pawe panachomoka. Lakini pale nyaya za kata nyingi zinapokutana, katika makao ya halmashauri, hospitali ya wilaya au kituo cha mpaka, hesabu inageuka. Swichi mbili za kawaida hazibadilishani zenyewe. Anayezibadilisha hung'oa nyaya 48 na kuzirudisha moja moja, kila moja mahali pake, huku wagonjwa wakisubiri dirishani, kisha apakie upya mipangilio yote. Kwenye chesisi kadi mpya hupokea mipangilio ya iliyotolewa, na nyaya za kadi nyingine hazikuguswa.

Pingamizi la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Kadi ya mtengenezaji mmoja haiingii kwenye chesisi ya mwingine. Ukishanunua fremu umefunga ndoa, na siku mtengenezaji atakapoacha kutoa kadi za fremu hiyo, fremu nzima imekuwa chuma chakavu hata kama ni nzima. Wapo hata wanaotumia ile kumbukumbu ndogo ya SFP kukataa moduli isiyo na jina lao, ingawa umbo lake na mwanga wake vimefuata makubaliano ya wote. Sina jibu linalolimaliza pingamizi hili. Ninalo la kulipunguza: uhuru wa mnunuzi uko nje kabisa, kwenye SFP, si kwenye kadi. Basi zabuni iseme wazi kwamba swichi ikubali moduli za mtengenezaji yeyote zilizofuata makubaliano ya pamoja, na kwamba mzabuni aonyeshe hilo kwa vitendo siku ya majaribio. Iseme pia mtengenezaji amejifunga kutoa kadi za fremu hiyo kwa miaka mingapi. Halmashauri yenye bajeti ndogo inao uwezo wa kudai hayo kabla ya kusaini. Baada ya kusaini haina.

Wengine husema chesisi yenyewe ni shingo moja: ikikatika, vyote vimekwenda. Kwa bodi ya nyuma hofu hiyo ni kubwa kuliko hatari. Bodi ile ni viunganishi na njia za shaba tu kwa sehemu kubwa, haina cha kuungua wala cha kuzunguka, na vifaa vya umeme huwekwa viwili ili kimoja kibebe kazi ya mwenzake. Udhaifu wa kweli uko kwenye kadi ya uongozi na programu yake. Kosa la programu linaweza kuangusha kadi zote kwa mpigo, jambo ambalo swichi tano zilizotawanyika zisingepatwa nalo kwa pamoja. Anayenunua chesisi kwa ajili ya hospitali bila kadi ya pili ya uongozi amelipia nguvu ya vipande halafu akaiacha dukani.

Kuna pia wanaoona mjadala huu umepitwa, kwa kuwa watu wa Tarime na Serengeti wanaingia mtandaoni kwa simu, na minara ndiyo jibu. Lakini mnara nao una mguu. Chini yake kuna kabati, na ndani ya kabati mawimbi ya simu hugeuzwa kuwa vifurushi vya Etheneti vinavyopita kwenye poti kuelekea faiba au kwenye sahani ya mawimbi mafupi. Simu iliyo mkononi mwa bodaboda wa Nyamongo inategemea SFP asiyoijua. Na yupo atakayekumbusha tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi: siku hiyo swichi bora ya Mugumu ingesaidia nini? Ingesaidia mawasiliano ya ndani ya nchi, ambayo hayana sababu ya kupita baharini. Zaidi ya hapo, mkongo wa baharini ukikatika meli ya ukarabati hutumwa, mawaziri huzungumza, magazeti huandika. Poti ya Mugumu ikifa hakuna meli. Kuna afisa TEHAMA mmoja na simu yake.

Hapo ndipo tunapofikia nusu ya pili ya hoja. Moduli inabadilishwa kwa sekunde thelathini, lakini kwanza iwepo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tarime ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa barabara. Kutoka Mwanza ni kama 300, na anayetokea upande wa Musoma lazima avuke Mto Mara pale daraja la Kirumi. Hiyo ni safari ya siku moja au mbili, na si tatizo kubwa. Safari ndefu ni ya karatasi. Taasisi ya umma haiingii dukani na fedha mkononi. Inaandika mahitaji, inatafuta kifungu, inapitia mfumo wa ununuzi wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023, inasubiri wazabuni, inapokea, inakagua. Taratibu hizo zipo kwa sababu nzuri na sizipingi. Ila zimeundwa kwa ajili ya vitu vinavyojulikana kabla, na kifo cha poti hakitoi taarifa. Tena fedha za kununua swichi hutoka kwenye bajeti ya maendeleo, wakati fedha za kununua kadi iliyoungua hutakiwa kutoka kwenye matumizi ya kawaida, ambako zinagombaniwa na mafuta ya gari na karatasi za printa. Ndivyo chesisi ya mamilioni inavyoweza kukaa miezi ikiwa na droo moja mfu, kwa kukosa kipande ambacho bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya chesisi hiyo.

Dawa yake ni kununua akiba siku ileile ya kununua swichi, ndani ya mkataba uleule, kutoka kifungu kilekile cha maendeleo. Migodi mikubwa haina mjadala juu ya hili. Mgodi wa North Mara, ulio kama kilomita 100 mashariki mwa ziwa na 20 kusini mwa mpaka wa Kenya, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002, na kwa miaka kadhaa sasa unachimba chini ya ardhi pale Gokona. Hakuna mgodi wa chini ya ardhi unaoendeshwa bila ghala la spea, kwa sababu saa moja ya kusimama ina bei inayojulikana na kuandikwa. Saa moja ya malori kupanga foleni Sirari nayo ina bei, na saa moja ya mama mjamzito kusubiri kadi yake ya bima isomwe ina bei. Tofauti ni kwamba hizo hazikuandikwa kwenye daftari la yeyote. Zikiandikwa, hoja ya kununua kadi ya akiba itajitetea yenyewe mbele ya kamati ya fedha.

Akiba yenyewe si kubwa. Kwa kila kituo kikuu, kadi moja ya faiba, kadi moja ya shaba, na SFP mbili kwa kila umbali unaotumika: za kilomita 10 kwa majengo ya jirani, za kilomita 40 kwa kiungo kama kile cha Tarime na Sirari. Visichanganywe, kwa maana moduli ya kilomita nyingi ikichomekwa kwenye waya mfupi inaweza kumwaga mwanga mkali kuliko kile kipokezi kinavyoweza kuvumilia. Vikae kwenye mifuko yake ya kuzuia umeme tuli, kofia za plastiki zikiwa mdomoni, ndani ya kabati lenye ufunguo ulioko wilayani na si mkoani. Kila baada ya miezi mitatu kimoja kichomekwe kwa dakika chache ili ijulikane kwamba ni kizima, kwani spea iliyokufa stoo hugundulika siku mbaya kuliko zote. Na ndani ya mlango wa kabati la swichi ibandikwe karatasi yenye safu tatu, tarehe, namba ya poti na desibeli za mwanga uliopokelewa, ijazwe kwa kalamu ya wino na afisa aliyeko zamu, kuanzia siku ya makabidhiano.